Kicheko Tusichokisikia

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu: kimya ni ushahidi wa nini? Kisha huwasimulia kisa cha panya.

Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo takriban 20,000 kwa sekunde; panya hulia hata juu ya kikomo hicho. Mwaka 1954, J. W. Anderson aliripoti kwamba panya wa maabara hutoa sauti hizo. Baadaye watafiti walitambua makundi mawili makuu: mlio mrefu wa mitetemo kama 22,000, panya anapokutana na paka au anaposhindwa katika mapigano, na milio mifupi ya kama 50,000, wakati wa mchezo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Ohio, Marekani, Jaak Panksepp, mzaliwa wa Estonia, pamoja na mwanafunzi wake Jeffrey Burgdorf, waliwatekenya panya huku wakisikiliza kwa chombo cha kunasia sauti za popo. Milio ya 50,000 ilimiminika, na panya wakaufuata mkono uliowatekenya. Panksepp alithubutu kuiita kicheko. Wenzake wengi walimpinga, kwani kwa miongo mingi saikolojia ilifundisha kwamba hisia za mnyama si jambo la sayansi. Jina hilo lingali linajadiliwa. Milio yenyewe haina ubishi.

Panya hao walikuwa wakilia maabarani miaka yote, mbele ya wasomi waliobobea. Basi mtumishi wa umma anapoandika katika taarifa yake "hakuna malalamiko," kwanza ametueleza kikomo cha sikio lake. Hali ya wananchi bado hajatueleza.