Mgambo (Mbinga na Nyasa)

Mgambo ni jeshi la akiba la Tanzania, la raia wa kujitolea wanaofundishwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Lilipata nguvu baada ya Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Katika Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, 1978–1979, maelfu ya mgambo walikwenda mstari wa mbele.

Katika wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, na ya Nyasa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, sura ya mgambo ni ya kawaida zaidi: vijana wakipiga kwata asubuhi kwenye uwanja wa mpira, vumbi hadi magotini, chini ya jicho la mshauri wa mgambo wa wilaya.

Dharura ikitokea, mgambo hulinda mali, hudumisha utulivu na kusaidia uokoaji, sambamba na kamati za maafa zinazoanzia kijijini kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Msalaba Mwekundu wa Tanzania, ulioundwa kisheria mwaka 1962, nao una wajitoleaji wake.

Kwenye Ziwa Nyasa mambo ni mengine. Chombo kikizama mbali na Liuli au Mbamba Bay, anayewahi kufika, tuseme kweli, ni mvuvi mwenye mtumbwi.

Mhitimu wa mgambo halipwi mshahara; wengi huishia kwenye lindo la kampuni za ulinzi.