Safari au Kilimanjaro? Jinsi ya kuonja bia na kujua tofauti
Baa za Kariakoo mhudumu atakuuliza kwanza: ya baridi au ya moto? Kwa kunywa, chagua upendavyo. Ila ukitaka kulinganisha, ubaridi mkali unaficha ladha. Iache mezani dakika 10, imimine kwenye glasi safi, inuse, ndiyo uonje.

Anza na nyepesi. Kilimanjaro ina kilevi asilimia 4.5, Safari 5.5, zote za TBL, yenye kiwanda hapo jirani, Ilala. Katikati kunywa maji.

Sikilizia uchungu. Wa bia hizi unatokana na hopsi. Wa mbege ya Wachaga, ya ndizi na ulezi, ni gome la msesewe.

Asilimia moja siyo ndogo: Safari nne ni karibu sawa na Kilimanjaro tano za ujazo uleule. Ukionja, usiendeshe.