Marashi

Chupa ya 4711, maji ya kunukia ya Ujerumani, yenye lebo ya feruzi na dhahabu, ni ya bei nafuu, na wanaume wengi hujipaka maji hayo baada ya kunyoa ndevu. Tuyaiteje? Wengi husema pafyumu. Mimi nashikilia neno marashi. Asili yake ni Kiarabu, katika kitenzi cha kunyunyiza, na mrashi ni kile chombo chenye shingo ndefu cha kuwanyunyizia wageni harusini. Siyaiti uturi, kwani uturi ni mafuta mazito: tone moja tu nyuma ya sikio latosha. Maji haya ya Köln, mji ambako nyumba ya marashi ya Farina ilianzishwa mwaka 1709, ni spiriti iliyotiwa mafuta ya maganda ya malimau na machungwa. Huchangamsha, kisha huyeyuka upesi, ndiyo maana hunyunyizwa bila uchoyo.