Kabla ya Mashine ya Alaimenti, Ilikuwa Kamba na Rula

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya Safari, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Madereva wengi hawakuwa wa kulipwa. Magari yenyewe ni ya aina zilizouzwa dukani. Mwaka 1963 yaliondoka 84, yakamaliza 7 tu!

Barabara zilikuwa za vumbi na makorongo, kama ile ya Chunya–Makongolosi kabla ya lami. Huko fundi hakuwa na mashine. Tairi la mbele likilika upande mmoja au usukani ukivuta, alipiga jeki kwanza. Anatikisa tairi juu na chini: likicheza, anakagua boljointi na beringi. Anatikisa kushoto na kulia: anakagua tairodi. Vikiwa vizima, ndipo anavuta kamba sambamba na gari kila upande, rula inapima mbele na nyuma ya rimu.

Ukianza na kamba wakati boljointi imekufa, unapima uongo. Shimo la kwanza tu vipimo vinahama. Na ikichomoka kwenye kona za mlimani, hapo si kombe tena, ni roho za watu wawili.

Wadau, fundi wako huanza na kipi?