Ua na Ngazi za Mtoni

Huku Saza tumezoea mashimo ya dhahabu, ngazi za ghorofa tunaziona safarini. Nilipokuja Unguja kununua vitambaa nilipita Mtoni, njia ya Bububu, kwenye magofu ya kasri la Seyyid Said. Niliposimama uani nikakumbuka bweni letu la chuo cha ushonaji: ua mmoja wa kufulia, na habari zote zinaanzia pale.

Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa humo mwaka 1844. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Anasema waliishi Mtoni karibu watu elfu moja, na uani swala, tausi, heroe na mbuni wakitembea watakavyo. Vyumba vya kuogea vilikuwa mwisho wa ua. Mjini, Beit al-Sahel, ngazi zilijaa watu hadi kuzifikia tu ni kazi. Tusilipambe kasri lakini: wengi wa hao elfu moja walikuwa watumwa.

Watoto walisoma kwenye baraza wazi, juu ya mkeka, ndege wakiingia na kutoka. Wasichana walifundishwa kusoma Qur'ani, kuandika hapana. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, ndio ubao wa siku hizo, akanakili herufi za Msahafu kwa siri mpaka akaweza. Siri ilipovuja alisemwa sana.

Kalamu hiyo ilimponza pia. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, Salme, bado kigori, ndiye aliyewaandikia barua. Najua wengine mtakunja uso, maana mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani na kubadili dini. Hilo silitetei. Ila bila yeye, maisha ya wanawake wa ua ule tungeyasikia kwa wageni tu.

Mimi vipimo vya bibi harusi naviandika kwenye daftari. Mama aliyenishikisha sindano kwanza alipima kwa uzi wenye mafundo, kila mteja na uzi wake, kwa sababu kwao mtoto wa kike alisomeshwa juzuu, kalamu hakupewa.