Shela ya Bibi Margaret wa Sapelo

Wiki hii hatuna mshono mpya wa kuwaonesha. Tumeshikwa na habari ya mtandio mmoja wa zamani, wa bibi wa kisiwa cha Sapelo, pwani ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani.

Miaka ya 1930 waandishi walikwenda kule kuwahoji wazee. Bi Katie Brown akawasimulia nyanya yake, Margaret: alijitanda kitambaa cheupe kichwani, kikamwagika mabegani. Siku moja kila mwaka aliosha mchele, akaulaza usiku kucha, akautwanga kwenye kinu mpaka ukalainika, akatia asali au sukari, akafinyanga mikate bapa kwa mkono. Kisha akawaita watoto, akasema Amin, Amin, Amin, nao wakala. Mikate hiyo aliiita saraka. Sisi hatukuhitaji mkalimani.

Baba yake Margaret alikuwa Bilali, mzaliwa wa Timbo, Futa Jalon, katika Guinea ya leo. Aliuzwa utumwani, akapitia Bahamas, akaishia kwenye shamba la Thomas Spalding hapo Sapelo. Mabinti zake wengine walikuwa na majina kama Medina na Bintu. Aliacha kijitabu cha kurasa 13 kwa herufi za Kiarabu, na kwa miaka mingi watu walidhani ni kumbukumbu za maisha yake. Kumbe ni fiqhi: udhu, adhana, sala, vipande vya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, alivyovibeba kichwani tangu chuoni. Fikirini, mtu hana hata uhuru wa mwili wake, anaandika namna ya kutawadha!

Utumwa ulipokwisha, watu wa Sapelo walianza kununua ardhi. Mwaka 1871 baadhi yao walishirikiana wakapata eneo la Raccoon Bluff. Lakini mwaka 1934 tajiri wa tumbaku, R. J. Reynolds Jr., alinunua sehemu kubwa ya kisiwa, na baadaye akawahamisha wenyeji kutoka vijiji vyao hadi kimoja tu, Hog Hammock. Cornelia Walker Bailey, wa kizazi cha Bilali, alihamishwa akiwa bado mtoto.

Kilichowaponza watu wa pwani ile zaidi ni mirathi. Wazee wengi walifariki bila wasia wala hati mpya, ardhi ikabaki ya wote. Mrithi mmoja aliye mbali, ambaye pengine hajawahi kukanyaga kisiwani, akiuza fungu lake kwa mgeni, yule mgeni anaweza kwenda mahakamani na shamba zima likapigwa mnada. Hapo tulisimamisha cherehani. Maana kila siku tunaongea mahari, hina na rangi za shela, na ni mara ngapi tumemuuliza mama hati ya nyumba iko wapi?

Hilton Head, jirani yao wa South Carolina, walijengewa daraja mwaka 1956, zikafuata hoteli na viwanja vya gofu, na leo baadhi ya makaburi ya wazee wao yamo ndani ya mageti ya matajiri. Sapelo hawana daraja, wanavuka kwa feri. Hata hivyo mwaka 2012 kodi za ardhi ziliwapanda ghafla. Bi Cornelia, aliyekuwa akiandika historia yao, aliingia shambani: akahimiza kilimo cha kunde nyekundu za Sapelo na miwa, ili watu wapate cha kulipia kodi. Alifariki mwaka 2017.

Septemba 2023 wakuu wa wilaya ya McIntosh walipiga kura nyumba za Hog Hammock ziruhusiwe kufika futi za mraba 3,000 badala ya 1,400. Nyumba kubwa huvuta wanunuzi wakubwa, na wanunuzi wakubwa hupandisha kodi ya jirani mwenye kibanda. Wenyeji wakaenda mahakamani.