Mifupa Katika Njia ya Unyanyembe: Wafu, Misafara na Aya Ngumu za Ufufuo

Oktoba 1873 msafara uliingia Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ukitokea kusini-magharibi, na katika mizigo yake kulikuwa na maiti. Ilikuwa maiti ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskochi aliyefariki mwanzoni mwa Mei kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikuwa wameutoa moyo na matumbo wakayazika hukohuko chini ya mti. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani kwa wiki mbili, wakauviringisha ndani ya nguo na gome la mti. Unyanyembe walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, mpelelezi Mwingereza, akawashauri wauzike hapo ili wasihangaike zaidi. Wakakataa, wakaendelea na safari ya kwenda Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Kisa hiki huhadithiwa kama mfano wa utii wa watumishi kwa bwana wao. Naona hadithi hiyo inawapunja. Bwana alikwisha kufa, mishahara yao ilikuwa mashakani, na hakuna aliyewaamuru. Waliamua wenyewe, na uamuzi wao unaweza kutusaidia kuelewa aya fulani za Biblia ambazo wasomi wamezozania tangu karne za mwanzo za Kanisa.

Tumtazame Jacob Wainwright. Alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani utotoni na kusomeshwa Nasik, nchini India. Alifika Kwihara, karibu na Tabora, Agosti 1872, pamoja na kundi ambalo mwandishi wa habari Henry Stanley alilituma kutoka pwani kwa Livingstone. Moyo wa Livingstone ulipozikwa, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko mbele ya wenzake. Miaka mingi baadaye alirudi bara, akafanya kazi na misheni ya Urambo, na huko ndiko alikofariki mwaka 1892. Katika kitabu cha sala cha Waanglikana, somo lililopangwa kwa maziko ni 1 Wakorintho 15, kuanzia aya ya 20 hadi mwisho wa sura. Ndani ya somo hilo imo aya ya 29, ambamo Paulo anauliza: kama wafu hawafufuliwi, wale wanaobatizwa kwa ajili yao wanafanya hivyo kwa nini?

Aya hiyo imefasiriwa kwa namna nyingi ajabu. Yohane Krisostomo, katika karne ya 4, aliwalaumu wafuasi wa mzushi Marcion waliombatiza mtu aliye hai kwa niaba ya maiti, akashikilia kwamba Paulo anamsema kila mwumini anayekiri imani katika ufufuo wa wafu anapoingia majini. Martin Luther alidhani ni ubatizo uliofanyika juu ya makaburi. Wamormoni tangu 1840 wameishika kama ilivyoandikwa, nao hubatizwa kwa ajili ya waliotangulia.

Kwangu mimi, ufunguo uko katika aya zinazofuata. Paulo anaendelea mara moja kuuliza kwa nini yeye mwenyewe anajitia hatarini kila saa, na ilimfaa nini kupambana na wanyama wakali Efeso. Hatungi kanuni ya sakramenti. Anachukua mambo ambayo watu tayari wanayafanya, hata kwa gharama kubwa, na kuonyesha kwamba matendo hayo yamebeba tumaini ambalo huenda wenyewe hawajalieleza kwa maneno. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinatoa hoja iyo hiyo: Yuda Makabayo anachanga fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliouawa, na mwandishi anasema asingefanya hivyo kama hakutazamia kwamba watafufuka.

Walioubeba mwili ule hawakuwa wa dini moja. Susi alikuwa Mwislamu; alibatizwa mwaka 1886, akaitwa David. Lakini Siku ya Kiyama ilijulikana katika njia ile kabla ya misheni yoyote, kwa kuwa waliotoka pwani walikuja nayo, na sura ya 75 ya Kurani inawajibu wanaodhani Mungu hataweza kuikusanya mifupa: ataitengeneza hata ncha za vidole.

Tena mwili ulikuwa mzigo wa hatari. Walipofika Kasekera, mbele ya Unyanyembe, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wakafunga bunda la mabua mfano wa maiti, wakalirudisha nyuma kana kwamba linakwenda kuzikwa, kisha mwili wenyewe wakaufunga upya ukaonekana kama mtumba wa nguo. Bila hila hiyo wasingefika.

Wengi waliokufa katika njia hiyo hawakubebwa na mtu. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora ya leo) Novemba 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi walikuwa na desturi ya kutupa maiti porini, wakaliwa na fisi. Maneno yake yapimwe, maana watemi walizikwa kwa heshima kubwa na mizimu ya mababu ilitolewa sadaka. Lakini mpagazi aliyeanguka kwa ndui, au mtumwa aliyeshindwa kutembea, aliachwa kando ya njia. Je, huyo atafufuka na mwili gani? Athenagoras wa karne ya 2 alilijadili swali la walioliwa na wanyama, naye Agostino akalirudia katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu. Hofu ya mwili kugawanywa ilimfanya Papa Bonifasi VIII, mwaka 1299, apige marufuku kuwakatakata wafu ili mifupa isafirishwe. Kwa watu wa njia hii ninaiona Ufunuo 20:13 kuwa na uzito kuliko mijadala hiyo yote: bahari, isiyo na kaburi wala alama, inawatoa wafu wake.

Swali la mwili gani lina fundo jingine. Katika Luka 24:39 Yesu aliyefufuka anaonyesha kwamba ana nyama na mifupa. Katika 1 Wakorintho 15:50 Paulo anasema nyama na damu haviwezi kuurithi ufalme. Katika usemi wa Kiyahudi, nyama na damu ni binadamu kama alivyo, dhaifu na wa kufa, kwa hiyo Paulo anakataa udhaifu huo, hakatai mwili. Mfano wake ni mbegu: kinachoota si punje ile iliyofukiwa, wala si mmea wa kigeni. Aprili 1874, kabla ya maziko ya Westminster Abbey, daktari William Fergusson aliutambua mwili wa Livingstone kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka thelathini kabla ya hapo. Yesu wa Yohana 20 naye anatambulikana kwa majeraha yake. Mwili mpya haufuti yaliyompata mtu.

Mathayo 27:52-53, ambamo watakatifu wanatoka makaburini na kuonekana mjini, naisoma pamoja na bonde la mifupa mikavu la Ezekieli 37: ni ishara kwamba kifo cha Yesu kimekwisha kuigusa nchi ya wafu.

Misheni zilipofika, Mapadri Weupe Tabora mwaka 1878 na Wamoravian Urambo mwaka 1898, wakichukua kituo cha London Missionary Society, swali la hatima ya wafu liligeuka kuwa la ukoo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza maandalizi ya miaka minne kabla ya ubatizo, isipokuwa kwa aliye karibu kufa. Miaka minne ni mirefu katika nchi ya ndui na vita. Na wale mababu ambao hawakuwahi kuulizwa? Wakatoliki walikuwa na Wamakabayo na sala za kuwaombea marehemu. Wamoravian walileta ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, iliyoanza Herrnhut mwaka 1732, ambamo waliofariki tangu Pasaka iliyotangulia hukumbukwa na kuombewa ushirika usiokatika na walio hai. Wote wawili wanayo 1 Petro 3:19 na 4:6, zinazosema kwamba Injili ilihubiriwa hata kwa wafu. Aya hizo zimefunikwa na tahadhari nyingi mno za wafasiri, na sioni sababu ya kuwaficha watu wa Unyanyembe kwamba zimeandikwa.